Kiti Kilipokuwa Wazi

Nilikuwa nasukwa nywele katika saluni moja hapa Mwanza, kichwa kimeinama, shingo inauma, wakati televisheni ya ukutani ilipoonyesha lile bomba la moshi la Roma. Wateja walikuwa wakilitazama tangu asubuhi. Msusi wangu, binti Mlutheri asiye na habari sana na mambo ya Papa, alikuwa amemwambia mwenzake kwamba Papa mpya atapatikana kabla hajamaliza kichwa changu, na mwenzake alikuwa amekataa. Moshi ulipotoka mweupe wakapiga vigelegele. Mimi nikavuta kichwa ghafla, kwa hofu ileile ya nilipokuwa darasa la tatu. Msusi akauliza kama ameniumiza. Nikamwambia hapana, aendelee tu. Lakini mikono yangu ilikuwa imekumbatia kikombe cha chai, nacho kilikuwa kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu, kama kile cha Bibi.

Habari hii sijawahi kumsimulia mtu. Mimi ni mtu wa wasiwasi, naangalia mlango mara mbili kabla ya kutoka na mara ya tatu nikiwa barabarani, na wanaonijua hudhani nimezaliwa hivyo. Sikuzaliwa hivyo. Nilikuwa mtoto mchangamfu tu mpaka ule msimu Papa alipofariki na mimi nikachota maji.

Kwetu ni Machochwe, upande ambao mashamba yanakomea karibu kabisa na hifadhi. Ile methali ya tembo na nyasi kwetu si methali, ni mahindi yetu. Nyumba ilikuwa ya Bibi. Mume wake alifariki kabla sijazaliwa, akamwachia mabinti wawili na hakuna mtoto wa kiume. Mabinti walipoolewa, ng'ombe wa mahari Bibi hakuwauza. Aliwapeleka kijiji cha Susuni, akamwoa mama yangu. Wakurya wenzangu hawahitaji maelezo. Kwa wengine niseme tu kwamba inaitwa nyumba ntobhu: mama asiye na mwana anaoa msichana, msichana anakuwa mkamwana wa nyumba ile, na watoto atakaowazaa ni wa nyumba ile, ndio watakaorithi zizi na shamba. Kati ya Bibi na Mama hapakuwa na jambo la ajabu zaidi ya kugombania kiasi cha chumvi. Mwanamume aliyetuzaa mimi na mdogo wangu Chacha alikuwepo mahali fulani, lakini nyumba ile haikumuuliza kitu, na sisi hatukumuuliza. Nililala kitanda kimoja na Bibi, na alinuka tumbaku, samli na moshi wa kuni, na nilidhani kila mtoto duniani analala hivyo.

Kigango chetu kilikuwa chumba cha matofali ya kuchoma chenye mabenchi yasiyo na mgongo. Kengele ilikuwa rimu la gari lililoning'inizwa kwenye mti. Padre alikuja mara moja kwa mwezi, barabara ikiruhusu. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa Katekista Agustino, mtu mrefu, mpole, mwenye baiskeli na mabuti ya mvua aliyoyavaa hata kiangazi. Ukutani nyuma ya altare palikuwa na picha ya Papa iliyokatwa kwenye kalenda, imepauka mpaka uso umekuwa wa kibuluu. Katekista alipotufundisha jambo lolote zito alimalizia kwa kunyoosha kidole kwenye picha ile. Kuiba ng'ombe ni dhambi hata kama ni wa koo mnayogombana nayo: kidole. Kupiga mke: kidole. Diwani naye, kila uchaguzi ulipokaribia, alikuja kuketi benchi la mbele, na katika hotuba yake Baba Mtakatifu alitajwa kabla ya zahanati na barabara.

Kwa hiyo nikajua kwamba yule mzee wa kibuluu ni mkubwa kuliko diwani. Kwetu kuna wazee wa mila ambao neno lao likishatoka halirudi, na nikamweka Papa katika kundi hilo, ila yeye alikuwa mzee wa koo zote kwa mpigo. Niliamini anatujua nyumba kwa nyumba. Tena nilikuwa na sababu ya kumpenda. Ulipofika mwaka wa kutahiri, na wasichana wa umri wangu na wakubwa wangu wakaanza kuhesabiwa, walikuja akina mama wawili kuniulizia. Bibi alikuwa anapepeta ulezi. Hakuinua hata macho.

"Huyu ni wa Papa," alisema. "Papa amekataa kisu."

Wakaondoka wakisonya. Shuleni wenzangu walinitania mwezi mzima, lakini sikukatwa. Nikajua basi jina lile lina uzito, kwamba linaweza kusimamishwa mlangoni na watu wakarudi walikotoka. Ndiyo maana niliogopa sana siku niliyolisikia likielekezwa kwa mama yangu.

Ilianza na msiba wa Wankuru, rafiki wa Bibi tangu ujana. Alizikwa na jumuiya yake ya kanisa, kwa nyimbo, watu wamevaa vitenge vinavyofanana, msalaba umetangulia. Bibi alirudi nyumbani, akakaa jikoni, akasema anataka nyimbo zile. Akaanza mafundisho. Miaka mitatu alikaa benchi la nyuma pamoja na watoto, akikariri sala kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, na katekista alisema hajapata mwanafunzi mwenye bidii kama yule. Hata jina alishalichagua. Alilitoa kwenye zile picha za Njia ya Msalaba, kutoka kwa yule mwanamke anayempangusa Yesu uso.

"Veronika," aliniambia tukiwa kitandani. "Ana kitambaa, anampangusa mtu jasho. Hiyo kazi naiweza. Lakini usimwambie hata mama yako. Jina halitajwi kabla ya maji."

Ulipokaribia wakati wa ubatizo, padre akaja nyumbani kwetu na katekista. Alikuwa kijana, si mtu mbaya. Alikunywa maziwa ya mgando yote tuliyompa. Kisha akaanza kuuliza maswali ya kuandika kwenye fomu, na alipofika kwa Mama kalamu ikasimama.

"Huyu ni nani wako, mama?"

"Mkamwana wangu."

"Mkamwana wa mwana gani?"

"Wa nyumba," Bibi alisema.

"Nyumba haioi, mama."

"Hii imeoa."

Katekista alitazama mabuti yake. Padre akajikuna shingo, akaeleza kwa upole kwamba mambo ya ndoa hayaamui yeye, ni utaratibu wa Kanisa zima, unatoka Roma kwa Baba Mtakatifu, na ndoa ya namna hii haimo. Atamwandikia askofu. Kwa sasa Bibi asubiri. Mimi nilikuwa nimeshika jagi la maji ya kunawa, na nilichosikia ni hiki: kuna barua inakwenda Roma, na ndani yake imeandikwa mama yangu.

Toka siku ile nikawa roho juu. Magari ya kwenda hifadhini yalipita barabara ya juu yakitimua vumbi, na kila nilipoona jeupe nilisimama nione kama litakata kona kuja kwetu na majibu. Sikumuuliza mtu. Mtoto akiogopa kitu hakiulizii, maana akijibiwa kitakuwa kweli.

Jibu likaletwa na Babu Marwa, tena bila gari. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu babu yetu. Alikuwa na wake watatu, na kanisani alionekana kwenye misiba tu, upande wa nyama. Shamba letu la mtoni, lile ambalo halikauki, lilipakana na lake, na lilikuwa limemkaa rohoni tangu kaka yake azikwe. Habari ya fomu ya padre ilikuwa imemfikia. Alisimama uani, fimbo mkononi, nikamwamkia shikamoo, hakuitikia.

"Nimesikia Papa amekataa hii nyumba yako," alimwambia Bibi. "Mimi nilisema siku zote. Sasa na Papa amesema."

"Na wake zako watatu, Papa anasemaje?"

"Mimi sijaomba maji," alisema Babu Marwa.

Lilikuwa jibu la haki. Babu Marwa akamnyooshea Mama fimbo, akiwa bado anamwambia Bibi. "Siku utakayobatizwa, wewe ni wa Papa, na kwa Papa huyu si mkamwana. Atarudi kwao Susuni na watoto wake. Na shamba la mtoni litarudi kwa wenyewe."

Mama aliendelea kuosha vyombo. Alikuwa ameosha sufuria ileile tangu mgeni aingie. Usiku nilimshika Bibi mgongoni nikamuuliza kama ni kweli tutarudishwa Susuni, akasema nilale. Jumapili iliyofuata hakwenda kigangoni. Wala iliyofuata. Rimu lilipogongwa alitoka nje, akasimama mpaka mlio ukaisha, kisha akarudi ndani kuchukua tumbaku yake.

Kiangazi kile kilikuwa kikali, na Bibi akaanza kukohoa. Katekista alileta dawa ya chupa na hakusema neno la sala. Bibi akakonda. Mashavu yaliingia, mikono ikawa myepesi, na alipolala nilihesabu pumzi zake. Nilikuwa nimefundishwa wanakokwenda watu wasiobatizwa. Katekista hakutufundisha kwa ukali, lakini nilikuwa na masikio. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa hii: Bibi akibatizwa, Mama anafukuzwa. Bibi asipobatizwa, anapotea peke yake, bila nyimbo, na mimi nimelala naye kitanda kimoja maisha yangu yote.

Hapo ndipo Papa akafariki.

Rimu liligongwa siku ya kazi, polepole, na tukaacha masomo kukimbilia kigangoni. Katekista alikuwa amefunika picha kwa kipande cha mwavuli mweusi, na macho yake yalikuwa mekundu. Akatueleza kwamba kiti cha Roma sasa kiko wazi. Makadinali watafungiwa ndani wachague. Ukitoka moshi mweusi, bado. Ukitoka mweupe, tumepata baba.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, sasa sheria anashika nani?"

"Kiti kiko wazi, mwanangu," alisema, akapenga kamasi. "Tunasubiri tu."

Jambo hili niliwahi kuliona. Mwalimu mkuu wetu alipohamishwa, wiki mbili zilipita kabla ya mwingine kuripoti, na katika wiki zile mbili hatukuchapwa kwa kuchelewa, hatukukaguliwa kucha, na waliokuwa kwenye orodha ya adhabu walisamehewa maana orodha yenyewe haikuonekana. Kama ni hivyo kwa shule, na Roma ni hivyo. Papa aliyekataa nyumba yetu amekufa na katazo lake. Mwingine hajaja. Katikati pana mlango, na moshi mweupe ukitoka mlango unafungwa.

Na namna ya kubatiza niliijua. Katekista alitufundisha sote kwamba mtu akiwa katika hatari ya kufa, na padre hayupo, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Tulifanya mazoezi kwa magunzi ya mahindi. Gunzi langu nililibatiza vizuri kuliko ya wenzangu wote, na katekista alinisifu.

Siku ya pili ya makadinali kufungiwa, mchana, Mama alikwenda shamba la mtoni kufukuza nyani, Chacha mgongoni. Mimi niliachwa na Bibi. Redio ya jirani ilikuwa imesema moshi mweusi. Nilichota maji kwenye mtungi kwa kile kikombe cha bati, nikakiweka chini, nikakiinua, nikatoka nje kuangalia barabara, nikarudi. Bibi alikuwa chali, mdomo wazi kidogo. Nikasimama kwenye kigoda. Nilisema, "Veronika, mimi nakubatiza," nikayasema yote hadi mwisho bila kuruka neno, na kila nilipotaja jina moja nilimwaga, mara tatu. Maji yalimwingia masikioni, yakalowesha mto.

Bibi akafungua macho. Alinitazama, akatazama kikombe.

"Amina," alisema.

Nikaanza kulia. Akanishika kifundo cha mkono. "Nani amekutuma?"

"Hakuna, Bibi. Papa amekufa. Hakuna sheria mpaka moshi utoke."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikadhani nimemuua. Kilipotulia akajipangusa uso kwa ncha ya kanga, taratibu, kila upande.

"Basi tumewahi," alisema. Halafu uso wake ukabadilika, akanivuta karibu. "Usimwambie mtu. Mtu yeyote."

Siku moja nzima nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Kesho yake jioni redio ya jirani ikapandishwa sauti, mtu akapiga kigelegele, na rimu likagongwa haraka haraka bila mpangilio. Moshi mweupe. Watu walicheka njiani. Mimi nilikuwa natoa mavi ya ng'ombe zizini, na nikasimama na kapu langu, maana sasa hivi tu nilikuwa nimeona nilichofanya. Mlango ulifungwa kweli, lakini Bibi nilimwacha ndani. Papa mpya ameketi, sheria imerudi, na Bibi amebatizwa. Siku utakayobatizwa, alisema Babu Marwa. Siku yenyewe ilikuwa jana, na aliyeileta ni mimi.

Chakula nilikiacha. Mama alinigusa paji la uso akasema ni malaria. Nilimfuata kila alikokwenda, kisimani, jikoni, chooni nikamsubiri nje. Alikuwa na viatu vimoja vya maana, vya kahawia, vya safari. Nikavichukua nikavifukia ndani ya ghala la mahindi, nikiamini mtu hawezi kurudishwa Susuni pekupeku. Alivitafuta wiki nzima, akamsingizia mbwa.

Bibi akapata nafuu. Watu walisema ni ile dawa ya chupa. Mimi nilijua ni maji, na ikanitisha zaidi, maana ilionyesha yamefanya kazi. Babu Marwa naye aliona nafuu ile, akaona asisubiri msiba. Akaita wazee.

Walikuja watano asubuhi, wakakaa uani kwetu karibu na zizi. Katekista aliitwa awe shahidi, akaja na daftari la ubatizo ndani ya mfuko wa plastiki. Bibi alitolewa nje, akakalishwa kwenye kigoda na blanketi mabegani. Mama alisimama nyuma yake amembeba Chacha. Mimi nilikuwa nimeshikilia mwimo wa mlango kwa mikono miwili, lakini nani anamwangalia mtoto siku ya baraza.

Babu Marwa alisema sana. Alimtaja Papa mara nyingi kuliko katekista anavyomtaja Jumapili ya Pasaka. Alisema dunia imebadilika, serikali haiandiki ndoa hizi, Roma haizitambui, sasa ukoo utashikilia nini? Huyu mama amekaa miaka mitatu benchi la Papa. Basi ahukumiwe na Papa.

Mzee mkubwa, mtu wa maneno machache, alimgeukia Bibi.

"Marwa amesema yake. Wewe tuambie jambo moja tu. Umebatizwa au hujabatizwa? Kama ni wa Papa, sisi hatuna neno, nyumba yako itaamuliwa na Papa. Kama ni wetu, itaamuliwa na mila."

Nilimwona Bibi akivuta blanketi. Hakunitazama. Nilitaka anitazame na niliogopa anitazame. Nyuma yake Mama alikuwa amesimama pekupeku.

"Sijabatizwa," alisema Bibi.

"Mura, ni kweli?" mzee akamuuliza katekista, akimwita kijana kwa Kikurya.

Katekista alifungua daftari, akapitisha kidole kurasa mbili, tatu. "Jina lake halimo," alisema.

Basi wazee wakaamua. Ng'ombe walitoka, mkamwana aliingia, mtoto wa kiume yupo, nyumba ni nyumba. Shamba la mtoni ni la Chacha. Babu Marwa alitema mate pembeni akaondoka bila kunywa togwa. Wengine walikunywa, wakazungumza habari za tembo, wakaenda zao. Bibi akaomba maji. Nilimletea kwa kikombe kilekile na akayanywa yote.

Ningepaswa kufurahi, Mama alikuwa amebaki. Lakini tulikuwa tumefundishwa pia kwamba anayekana ubatizo wake mbele za watu amemkana Mungu mwenyewe. Kumbe kabla ya maji yangu Bibi alikuwa hana dhambi hiyo. Angeweza kusema "sijabatizwa" na ingekuwa kweli tupu. Mimi ndiye niliyempa kitu cha kukana. Niliposhindwa kuvumilia nikamwambia kitandani, "Bibi, umesema uongo."

"Nimeulizwa na watu wa shamba," alisema, "nikawajibu ya shamba. Mungu akiniuliza, nitamjibu yake. Lala."

Yeye alilala. Mimi sikulala.

Alifariki mvua zilipoanza. Alizikwa nyuma ya nyumba, kimila, na hapakuwa na msalaba wala vitenge vya kufanana. Akina mama wa jumuiya walikuja wakakaa upande wao, wametulia, maana hakuwa mwenzao. Katekista alikuja na mabuti yake, akapokea sepetu akafukia pamoja na wanaume, bila sala. Kilio kilikuwepo, lakini nyimbo zile alizozitaka hazikuwepo, na mimi nilikuwa nazo mdomoni. Ningesema sentensi moja tu, akina mama wale wangesimama waimbe. Nilimtazama Mama. Nilimtazama Babu Marwa, ambaye hakuwa akitazama kaburi bali bonde la mtoni, ambako mahindi yetu yalikuwa yameanza kuota. Nikafunga mdomo. Nikajaribu kumwimbia moyoni, nikafika nusu ya ubeti nikasahau, na tayari walikuwa wanapiga udongo kwa migongo ya sepetu.

Nimekuwa mtu mzima tangu hapo. Najua sasa kwamba sheria za Kanisa haziendi likizo Papa akifariki, na kwamba ile barua, kama padre aliiandika, haikufika mbali. Wale mapapa wawili, wa picha ya kibuluu na aliyemfuata, hawakupata kusikia jina la Machochwe. Hata hivyo mmoja wao aliniokoa na kisu, na huyohuyo nusura anivunjie nyumba, kutegemea nani alilishika jina lake asubuhi hiyo. Jina lile lilikuwa kama fimbo iliyoachwa mlangoni. Bibi aliishika kunikinga, Babu Marwa akaishika kutufukuza. Nakasirika nikikumbuka, halafu sijui nimkasirikie nani.

Msusi alipomaliza, nilitoka nje na kichwa kinawaka moto, nikampigia Mama. Yeye alibatizwa miaka mingi baada ya Bibi, hapakuwa tena na wa kumuuliza ni mkamwana wa mwana gani. Bado anakaa nyumba ileile.

"Tumesikia," alisema kabla sijamwambia. "Rimu limegongwa. Chacha amekuja mbio kutoka mtoni akidhani kuna tembo."

Nikamwambia nina jambo. Nikamwambia lote pale pale, nimesimama kando ya barabara, bodaboda zinapita: kikombe, kigoda, kiti kilichokuwa wazi, hata viatu. Nilipofika kwenye "sijabatizwa" nikaishia hapo.

Nikasikia Mama akijikalisha kwenye kigoda.

"Mto wa kitanda cha Bibi yako ulikuwa umelowa," alisema. "Na mvua ilikuwa haijanyesha miezi mitatu. Nilimuuliza jioni ileile. Akaniambia, mtoto amenibatiza, na wewe ukifungua mdomo utarudi Susuni."

"Ulijua? Siku ya baraza ulijua?"

"Nilisimama nyuma yake nikijua."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa mdogo. Nilidhani umesahau, nikaona nisikukumbushe." Nilimsikia akivuta pumzi. "Lakini mimi kuna kitu kimenisumbua. Kila Novemba wenzangu wanapeleka majina ya marehemu wao yasomwe misani. Mimi zamani nilimwogopa Marwa. Marwa akafa, nikasema sasa nitapeleka, nikakuta sina cha kupeleka. Bibi yako hakuniambia jina. Ulimbatiza nani?"

Sikuwa nimelitamka tangu nilipokuwa nimesimama kwenye kile kigoda. Nililitamka.

"Veronika," Mama akalirudia, taratibu, akilijaribu mdomoni. "Jumapili padre anakuja. Ngoja nimwite Chacha aandike."